Brashi ilitangulia pistole: historia ya rangi ya gari, kutoka Boyoma



Wengi wenu mnanijua kwa maandiko yangu ya mihogo na mbolea. Leo naacha shamba kidogo niwaletee historia, na si ya wafalme wala ya maraisi. Ni historia ya rangi ya gari. Najua mtacheka. Mimi pia nilicheka, mpaka siku mama aliponiambia nipake rangi gari ya marehemu papa, na mfukoni tulikuwa na dola 70 tu.

Gari yenyewe ni Toyota Corolla ya miaka ya 90, usukani mkono wa kuume, iliyofika kwetu kwa njia ya mashariki kama ndugu zake wengi. Tangu papa afariki ilikaa miaka miwili chini ya mwembe katika parsele yetu kule Mangobo. Na hapa kwetu kusema "msimu wa mvua" ni kujidanganya. Tuko karibu kabisa na ikweta, tunapata zaidi ya milimita 1,700 za mvua kwa mwaka, na hakuna mwezi unaokauka kweli. Paa lilikuwa limechubuka, mlango wa nyuma una madoa ya kutu kama ugonjwa wa majani, na chini ya mlango wa dereva kulikuwa na kitu ambacho nitakirudia baadaye.

Dada yangu mdogo alikuwa anaingia mwaka wa mwisho wa sekondari, na minervali yake ilitegemea gari hiyo iuzwe. Mnunuzi wa kwanza alitaja dola 900. Noko wangu, kaka wa mama, akamwuliza kwa nini kidogo hivyo. Akajibu: "Ingekuwa safi ningetoa 1,400. Gari ya kutu ni kama mutu wa ndui, hakuna mwenye anapenda kumushika mukono." Fundi wa garaje alitaka 450 kwa kazi ya rangi. Basi hesabu mnaiona wenyewe. Noko akanigeukia: "We uko na lisansi. Fanya kitu."

Kitu cha kwanza nilichofanya ni ujinga, na nausema bila aibu. Nilichukua pulverizateri, ile ya kubeba mgongoni ambayo tunapulizia dawa shambani, nikaweka rangi ya mafuta niliyoipunguza na esansi mpaka ikawa nyepesi kama chai. Nilifikiri: bomba ni bomba. Matone yalitoka makubwa, yakateremka juu ya mlango kama machozi, na baada ya dakika kumi na tano mipira ya ndani ya pampu ilikuwa imevimba kwa esansi, haisogei tena. Pulverizateri haikuwa hata yangu. Jirani yetu, mzee aliyepaka rangi mashua na bargi za mto maisha yake yote, alikuwa ameegemea ukuta anatazama. "We mutoto," akasema, "unaponya mihogo ama unapakala gari?"

Ile aibu ndiyo iliyonipeleka kusoma. Nilitaka kujua tofauti ya bomba yangu na pistole ya fundi, na nikakuta kwamba ni binamu kweli. Mwaka 1885 profesa Millardet wa Bordeaux alitangaza mchanganyiko wa shaba na chokaa uliookoa mizabibu ya Ufaransa na ukungu, ule tunaousoma sote darasani kwa jina la buyi ya Bordeaux. Dawa ikishapatikana, ilihitajika mashine ya kuimwaga, na mtu kama Victor Vermorel wa Villefranche akajenga kiwanda kizima juu ya bomba za kubeba mgongoni. Miaka hiyohiyo, huko Toledo, Marekani, daktari Allen DeVilbiss alitengeneza kichupa cha kupulizia dawa ndani ya koo la wagonjwa. Mwanawe Thomas alichukua wazo la baba, na mwaka 1907 akatoa pistole ya kupulizia rangi. Kwa hiyo mmoja alitoka shambani, mwingine hospitali. Na tofauti iko hapa: bomba ya shamba inasukuma maji yenyewe yapite katika tundu dogo, pistole inatumia hewa yenye nguvu kuyararua maji yawe ukungu. Dawa ya shamba ni nyepesi, inakubali kusukumwa tu. Rangi ni nzito, inataka kuraruliwa.

Lakini swali lililonishika ni lingine. Kama pistole ilikuja 1907, na magari yalikuwepo kabla, nani aliyapaka, na kwa nini?

Jibu: walewale waliopaka mikokoteni ya farasi, na kwa brashi. Magari ya kwanza ya Ulaya na Marekani yalipakwa kama viti vya mfalme. Rangi ya mafuta ya kitani, tabaka juu ya tabaka (mafundi wetu wanasema kushi), kila moja inasubiriwa ikauke, inasuguliwa na unga wa jiwe na maji, inapakwa tena, halafu juu kabisa vanishi. Gari moja ilichukua majuma kadhaa, mara nyingine zaidi ya mwezi. Hakukuwa na kompreseri, wala chumba chenye feni. Kulikuwa na mtu mwenye mkono mtulivu, sakafu iliyomwagiwa maji ili vumbi lilale, na subira. Magari ya namna hiyo yapo leo katika majumba ya makumbusho na bado unaweza kujitazama ndani yake.

Sasa hapa ndipo historia inarudi nyumbani, na sehemu hii hakuna aliyenifundisha shuleni. Ile vanishi ya juu, iliyofanya gari ing'ae, ilitengenezwa na nini? Iliyosifiwa kuliko zote ilitoka kwenye sandarusi, utomvu wa mti ambao sisi wa botania tunauita Hymenaea verrucosa, uliokauka na kuzikwa ardhini miaka mingi sana. Watu wa Mrima, pwani inayoitazama Zanzibar, waliuchimba mchangani kwa jembe. Wafanyabiashara wa mji wa Salem, Massachusetts, waliufuata mpaka Zanzibar. Mkataba wa Marekani na Sultani Said ulitiwa sahihi 1833, konsuli wao wa kwanza akafika 1837, na sandarusi ikasafiri pamoja na pembe za ndovu kwenda kusafishwa kule Salem, kisha kwa watengenezaji wa vanishi. Mkokoteni wa tajiri wa New York uling'aa kwa utomvu wa Mrima.

Na sisi? Sisi tulikuwa na kopali. Mti wake ni Guibourtia demeusei, unapenda misitu inayofurika maji kando ya mto na matawi yake, zaidi upande wa Ekwateri na ziwa Mai-Ndombe. Wakati wa Wabelgiji watu wa vijiji waliingia ndani ya matope mpaka mapajani, wakichoma ardhi kwa fimbo ndefu yenye ncha ya chuma, wakisikiliza kwa mkono kama ncha imegonga kitu kigumu. Kikipatikana kipande, kinaingia kikapuni. Kopali iliuzwa kwa bei ndogo, na mara nyingi pesa yake ilikuwa na njia moja tu: kodi. Maelfu ya tani yalishuka mto kila mwaka kwenda Ulaya na Marekani, na "kopali ya Kongo" ikawa jina la kawaida katika vitabu vya wakemia wa vanishi. Ni ngumu sana. Haikubali kuyeyuka katika mafuta mpaka kwanza uipikie kwenye joto la kama digri 300, moshi wake unakata pumzi, ndipo inakubaliana na mafuta ya kitani. Nilipolisoma hili nilitoka nje nikaangalia Corolla ya papa kwa macho mengine. Tulinunua dukani kopo dogo la vanishi lililotoka mbali sana, katika nchi ambayo babu zake wa vijiji walipeleka vanishi kwa dunia nzima. Sisemi hivi ili tulie. Nasema kwa sababu tuna mtaala mzima wa mimea ya kiuchumi, na kopali inapata mistari miwili.

Brashi haikushindwa kwa ubaya. Ilishindwa kwa saa. Mwaka 1908 Ford alitoa Model T, na 1913 akaanza mstari wa kuunganisha magari yanayotembea katika kiwanda cha Highland Park. Hebu fikiria: magari mengi yanatoka kwa siku moja, na kila moja linahitaji majuma ya kukauka. Utayaweka wapi? Ndiyo maana kuanzia 1914 mpaka 1925 Model T ilitoka nyeusi tu. Rangi ile nyeusi yenye lami ilikuwa rahisi, ngumu, na inakubali kuokwa katika tanuru. Na sikilizeni namna walivyoipaka: vipande vidogo vilizamishwa ndani ya pipa, na bodi ilimwagiwa rangi kwa mpira kama unaosha ng'ombe, inayozidi inachuruzika chini inakusanywa tena. Gari iliyobadilisha dunia haikuhitaji pistole.

Aliyeleta pistole kiwandani ni DuPont. Baada ya vita ya kwanza ya dunia kampuni hiyo ilijua sana nitroselulozi, pamba iliyotiwa asidi, ndugu wa baruti na wa filamu ya sinema. Mwaka 1923 rangi yao ya Duco iliwekwa kwenye magari ya Oakland ya General Motors, ya buluu. Ilikauka kwa saa, si kwa majuma. Ilikauka haraka hata brashi haiwezi kuifuata, alama zinabaki, ndiyo maana ikadai pistole. Ona mpangilio: hatukupata pistole kwa sababu inapaka vizuri kuliko mkono. Tuliipata kwa sababu kiwanda hakina nafasi ya kusubiri. Halafu rangi zikatengenezwa kwa ajili ya pistole, mafundi wakafundishwa pistole, na baada ya miaka hamsini kila mtu anaamini kwamba gari bila pistole haipakwi.

Kwa hali ya hewa yetu Duco ingekuwa na shida nyingine. Dilian yake inaruka haraka sana, inapoza bati, na hewa yenye unyevu inatoa maji juu ya rangi kabla haijakauka. Rangi inageuka nyeupe kama imepakwa maziwa. Mafundi wa hapa wanaijua hiyo, wanakataa kupuliza jioni ama mvua ikikaribia.

Rangi iliyotuokoa sisi ni ya ndugu yake mnyonge, na kila mtu anayo nyumbani. Mwaka 1927 Roy Kienle wa General Electric aliunganisha resini ya kutengenezwa na mafuta ya mimea, ikazaliwa alkidi. Ndiyo iliyomo ndani ya lile kopo la rangi ya mafuta unalopakia mlango na madirisha. Alkidi na resini nyingine za maabara ndizo zilizoua soko la kopali. Haikauki kwa kuruka tu, inakula oksijeni ya hewa, mafuta yake yanashikana yenyewe kuwa ngozi. Hapa lisansi yangu ilisaidia kidogo. Mafuta ya mawese hayawezi kazi hii, hata uyapake leo na usubiri mpaka Krismasi, kwa sababu zile fundo za kushikana na oksijeni ni chache mno ndani yake. Kitani inazo nyingi, soya inazo za kutosha. Hata mbegu za mpira, zinazooza chini ya miti ya zamani ya hevea kule Yangambi, zina mafuta ya kufaa. Hiyo nawaachia wanaotafuta mada ya memwari.

Kujua kemia hakukunizuia kukosea mara ya pili. Nilisoma kwamba brashi inaweza, nikaamini, nikapaka tabaka nene ili nimalize haraka. Juu ilionekana imekauka. Kesho yake nikaweka ya pili, na ndani ya saa moja boneti yote ilikunjamana kama ngozi ya maziwa yaliyochemshwa. Chini ilikuwa bado mbichi, tabaka la pili limeilowesha tena na kuivimbisha. Nilikaa chini kwenye kibao, sikuwa na nguvu ya kuongea. Dola 22 zilikuwa zimekwenda. Dada akaja, akaangalia, akasema polepole: "Yaya, minervali inaishia tarehe ngapi?" Kana kwamba mimi ndiye niliyesahau.

Yule mzee wa mashua aliruka ukuta mdogo. Hakucheka. Akagusa boneti kwa ukucha, akasema: "Una haraka ya mutu wa pistole na mukono wa mutu wa brashi. Chagua moja." Nikamwomba anifundishe. "Ndiyo, Mzee," nilisema kila asubuhi kwa siku 24.

Sasa mseme wenyewe: je, mzee huyu alisoma historia ya mikokoteni ya Ulaya? Hapana. Alijifunza kwenye chantie ya meli, na alibaki na brashi kwa sababu nchi ilimwachia brashi. Novemba 1973 Mobutu alitangaza zairianizasio, maduka ya Wagiriki, Wareno na wengine yakabadilisha mikono, na baada ya muda si mrefu bidhaa za kutoka nje zikaanza kukosekana. Kisha pilaji za 1991 na 1993. Kisha vita. Mwezi wa sita mwaka 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana siku sita ndani ya mji wetu, mto ulikuwa umefungwa, na Kisangani ukawa mji wa toleka, baiskeli za kubeba watu. Mimi nilikuwa mtoto, nakumbuka nimekaa nyuma ya toleka nikishika kiti chenye rangi nyekundu na kijani iliyopakwa kwa mkono. Kila mwenye toleka alikuwa mpaka rangi. Kwa hiyo brashi yetu si ushamba uliobaki nyuma. Huko Marekani kwenyewe, miaka ya 2000, watu wa kawaida waliirudia: rulo ya sponji, kopo la alkidi, tabaka nyembamba nyingi. Walipeana siri hiyo kama dawa mpya.

Namna tulivyofanya ni hii. Kuondoa kila kitu nilichoharibu, siku tano, msasa na maji. Kuosha na sabuni mpaka maji yasisimame kama matone ya mafuta. Kutu kukwanguliwa mpaka bati jeupe, kisha rangi nyekundu ya kuzuia kutu siku ileile, kwa sababu hewa yetu haikusubiri hata usiku mmoja. Rangi nyeupe, ileile ya zamani, na mzee alisisitiza: nyeupe inasamehe, nyeusi inakusema mbele ya watu. Kupunguza na dilian ya rangi ya mafuta, esansi hapana, mpaka rangi ianguke kwenye kijiti kama maziwa. Tabaka la kwanza lilikuwa la kukatisha tamaa, unaona bati chini yake. Ndivyo linavyotakiwa. Tulianza umande ukiondoka, saa mbili hivi, na tulisimama kabla ya saa tano, bati likipata moto. Siku mbili kati ya tabaka na tabaka, turubai juu ya fito, ardhi imemwagiwa maji. Kila baada ya tabaka mbili, msasa wa maji namba 600. Jumla tabaka sita, ya mwisho ikasuguliwa na 1000 na kung'arishwa.

Jambo moja la afya, kwa sababu wengine watajaribu. Kuna rangi za kisasa za kuchanganya na kigumuzi. Ni nzuri, lakini kigumuzi chake kina isosianati, na ukungu wake ukiingia mapafuni unaweza kukupa pumu ya maisha. Kitambaa puani hakizuii kitu. Nimeona vijana wanapuliza hiyo kwa kompreseri ya friji ndani ya parsele, watoto wanacheza pembeni. Tafadhali. Na rangi ya zamani usiyoijua usiisugue kavu, inaweza kuwa na risasi. Isugue na maji.

Nilisema nitarudi chini ya mlango wa dereva. Kutu ilikuwa imekula bati, tundu la kuingiza vidole vitatu, sehemu inayobeba mwili wa gari. Noko alikuja na magazeti na mastiki. "Tunaziba, tunapakala, nani atajua?" Na kweli, nani angejua? Mkono wangu ulikuwa umeshajua kazi, ningepita juu yake na hata mzee asingeona. Nilifikiria minervali. Nilifikiria pia kwamba mnunuzi atabeba watu ndani ya gari hiyo. Nikamwambia noko kwamba mastiki haishiki mzigo, siku bati likikunjika mlango hautafunguka. Akasema nimesoma mpaka nimepotea. Tulibishana mbele ya mama, jambo ambalo halifanyiki kwetu, na niliomba msamaha kwa sauti niliyotumia, si kwa maneno. Mama aliamua: fundi wa bati aunge kipande, dola 25, tulizokopa kwa likelemba yake. Alama ya kulehemu ilionekana kidogo chini ya rangi. Tukaiacha ionekane.

Mnunuzi alirudi na rafiki yake. Yule rafiki alilala chini, akaona alama, akauliza, nikamweleza. Wakashusha bei. Tulipata dola 1,180. Noko hakuongea nami majuma mawili, kisha akaniletea ndizi na tukala bila kulitaja. Dada alilipa minervali tarehe 3, siku moja kabla ya mwisho. Nilinunua mipira mipya ya pampu, nikairudishia pulverizateri kwa mwenyewe.

Kama kuna ndugu wa Ekwateri ama Mai-Ndombe ambaye nyanya yake ama babu yake alichimba kopali matopeni, aniandikie tafadhali. Nataka kujua waliiitaje kwa lugha yao, walilipwa nini kwa kikapu, na kama kuna mtu aliyewahi kuwaambia ilikwenda kufanya kazi gani.